Karakana Iliyofunguliwa Mara Tatu: Kisa cha Chumba cha Ufundi, Teknolojia na Sanaa katika Shule ya Umma Kilifi

Kwenye shule moja ya umma kaunti ya Kilifi kuna chumba kirefu cha mawe ya matumbawe, chenye paa la mabati, madirisha ya nondo na baraza pana upande wa mashariki. Kimejengwa mara moja tu, lakini kimefunguliwa kwa shangwe mara tatu, na mara mbili kati ya hizo kikafa bila mtu kutangaza msiba. Kwanza kilikuwa karakana ya 8-4-4, mfumo wa elimu wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Baadaye kikawa ghala la tableti za serikali. Tangu 2023 ni chumba cha teknolojia na sanaa, kinachotumiwa na watoto wa gredi ya nne hadi ya tisa.

Nimo kwenye kamati ya chumba hicho kama mwakilishi wa wazazi. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu shule nyingi wakati huu zinatafuta pesa za kujenga chumba kama hicho, na mazungumzo karibu yote ni ya vifaa: tununue nini, nani atatufadhili. Hapa kwetu vifaa vilikuwepo mara zote tatu. Kilichokosekana mara mbili za kwanza ni kingine kabisa. Shule siitaji jina, wala watu wake, maana wengi bado wako kazini.

Mawe ya harambee

Mfumo wa 8-4-4 ulianza Januari 1985, ukitokana na ripoti ya 1981 ya jopo lililoongozwa na Colin Mackay, lile lile lililopendekeza chuo kikuu cha pili nchini. Wazo lilikuwa zuri, na nalisema bila kusita: mtoto anayemaliza darasa la nane akakosa nafasi ya sekondari aondoke shuleni na ujuzi mkononi. Shule za msingi zikaletewa Sanaa na Ufundi, Sayansikimu, Kilimo, Muziki na Elimu ya Biashara. Zikatakiwa pia kuwa na karakana na chumba cha sayansikimu, juu ya darasa la nane ambalo halikuwepo kabla, na mzigo wa kujenga ukawaangukia wazazi. Wa hapa walichanga kama wa kwingine. Mwenye pesa alitoa pesa, asiyekuwa nazo alibeba mawe kutoka machimboni au aliteka maji ya kuchanganyia saruji. Meza nzito za useremala walizonunua zipo hadi leo, na mbili bado zina jiriwa zake za chuma.

Wazee waliosoma hapo miaka ya mwanzo wanakumbuka walichotengeneza: vigoda, miiko, mikeka, fremu za picha. Baada ya muda kumbukumbu hizo zinapungua, na sababu ni mtihani. Karatasi ya Sanaa, Ufundi na Muziki kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilikuwa ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Mtoto angeweza kupata alama zote za maswali ya kuunga mbao pasipo kushika randa hata siku moja. Mwalimu mwenye darasa kubwa na vipindi vichache alifanya ambalo mwalimu yeyote angefanya: alichora msumeno ubaoni, akatia mishale, watoto wakanakili majina ya sehemu zake. Karakana ikabaki ya kuonyesha wakaguzi.

Kwa hiyo mtaala ulipopitiwa upya 2002, baada ya ripoti ya tume ya Davy Koech ya 1999, na masomo hayo yakaondolewa kwenye KCPE, chumba kilikuwa kimeshakufa tayari. Januari 2003 ikaja elimu ya msingi bila malipo. Wanafunzi nchini wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na shule yoyote iliyokuwa na chumba kitupu ilikijaza madawati. Karakana ikawa darasa la tatu. Randa na patasi zikatiwa kwenye sanduku, hewa ya bahari ikazila kwa kutu.

Tableti zilizofia kabatini

Ahadi ya vipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza ilitolewa kwenye kampeni za 2013, na vilipoanza kufika 2016 vilikuwa tableti, pamoja na laptopu za walimu, projekta, seva ndogo ya masomo na kisambaza mtandao. Shule ilitakiwa kuwa na umeme na mahali salama pa kuviweka. Karakana ya zamani ndiyo iliyokuwa na kuta nene kuliko vyumba vyote, basi darasa la tatu likahamishwa, ukawekwa mlango wa chuma, nondo madirishani, na makabati yenye kufuli.

Mlango ule ndio uliokiua chumba mara ya pili. Mwalimu mkuu wa wakati huo alikuwa ametia sahihi kwamba vifaa viko chini ya dhamana yake. Kikipotea kimoja, atajibu yeye. Kikipasuka kioo, atajibu yeye. Katika hali hiyo, mtu mwenye akili timamu hufunga. Tableti zilitolewa siku za wageni. Siku nyingine zilipotoka, kugawa, kuwasha, kuhesabu na kukusanya kulimeza kipindi kizima cha watoto wa darasa la kwanza, na mwalimu akarudi kwenye chaki.

Betri ya lithiamu haitaki kukaa tupu. Ikiachwa miezi na miezi bila chaji, volti yake hushuka chini ya kiwango ambacho saketi yake ya ulinzi huruhusu kuchajiwa tena, na kifaa hufa kikiwa kipya. Tulipofungua makabati yale 2023, kiasi cha theluthi moja ya tableti hazikuwaka tena. Baadhi zilikuwa bado na ile plastiki ya kiwandani juu ya kioo. Niliumia sana kuona hivyo, na bado naumia, kwa sababu watoto waliokusudiwa kuzitumia walikuwa wameshamaliza shule ya msingi bila kuzigusa.

Kikao cha 2023

Mwaka 2023 gredi ya saba ya kwanza ya mtaala wa umilisi, uliochukua nafasi ya 8-4-4, iliwekwa ndani ya shule za msingi, kufuatana na pendekezo la jopo la Profesa Raphael Munavu. Shule ikajikuta ina sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, bila maabara, bila karakana, na walimu wachache wa mkataba. Bodi ikakaa kuamua kuhusu kile chumba kirefu. Wapo waliotaka kiwe darasa. Wapo waliotaka maabara ya sayansi. Wengi, mimi mmojawapo, tulitaka chumba cha kompyuta tu, kiwe safi, kiwe na vigae. Mzazi mmoja, fundi wa samani barabarani, alisema kwa uchungu:

"Mwalimu, mimi mwanangu hakuja shule kuchonga mbao. Mbao ziko nyumbani, na njaa yake naijua. Nataka kompyuta."

Mwalimu mkuu mpya hakubishana naye. "Mzee wangu, kompyuta iko humu humu. Lakini akiambiwa achore meza ndani ya hiyo kompyuta, ataichora vipi mtu ambaye hajawahi kupima meza?"

Hoja iliyomaliza kikao haikuwa hiyo, ingawa ndiyo iliyokaa kichwani mwangu. Ilikuwa ya hesabu: chumba ni kimoja, na masomo ya vitendo ni mengi. Kikiwa cha kompyuta peke yake, kingetumika vipindi vichache kwa wiki na kufungwa vilivyobaki. Kikichanganywa, kingefunguliwa kila siku. Mwaka uliofuata mtaala wenyewe ukaelekea huko. Masomo ya sekondari msingi yalipunguzwa kutoka 14 hadi 9. Kompyuta na biashara zikaingizwa ndani ya ufundi wa awali, na uchoraji, uigizaji, muziki na michezo vikaunganishwa kuwa Sanaa Bunifu na Michezo. Shule zilizokuwa zimejenga kuta kati ya vitu hivyo zilianza kujiuliza zifanyeje. Sisi tulikuwa na chumba kisicho na kuta za ndani.

Mambo mawili yaliamuliwa kabla ya kununuliwa hata msumari mmoja, na kwa maoni yangu ndiyo yaliyokiokoa chumba.

La kwanza ni ratiba. Kila darasa liliandikiwa vipindi viwili mfululizo, na jina la chumba likawekwa kwenye ratiba kuu ya shule, si kwenye karatasi ya pembeni. Kipindi cha sekondari msingi ni dakika 40. Viwili ni dakika 80. Toa za kugawa zana na za kufagia, inabaki saa moja ya kazi. Kwa kipindi kimoja, ungebaki na muda wa kutoa zana na kuzirudisha.

La pili liliandikwa kwenye kumbukumbu za bodi na kutiwa sahihi: kifaa kikiharibika kazini, hakuna atakayelipa. Kikipotea, hapo kutakuwa na maswali. Mwalimu aliyesomewa kifungu hicho aliomba asomewe tena. Funguo zikawa tatu: kwa mwalimu mkuu, kwa mwalimu wa ufundi wa sekondari msingi, na kwa mwalimu wa sanaa wa madarasa ya chini.

Vumbi, maji na umeme chini ya paa moja

Anayefikiria kuchanganya useremala, ufinyanzi na kompyuta ajue kwamba vitu hivi havipendani. Vumbi la msasa huingia kwenye tundu la kuchajia na kulifanya lisishike waya. Maji ya udongo yakimwagika yanafuata sakafu hadi kwenye soketi. Joto la mchana chini ya mabati ya pwani huifanya tableti ijizime yenyewe.

Suluhisho letu lilitokana na baraza. Kukata, kupiga randa na msasa vyote hufanywa nje, ambako upepo wa bahari hubeba vumbi. Udongo na rangi vina meza karibu na mlango, penye pipa la maji na ndoo ya maji machafu. Ncha ya ndani, iliyo mbali na vyote viwili, ndiyo ya umeme. Fundi wa stima alihamisha nyaya zote zikapita ukutani juu ya usawa wa meza, akaweka swichi ya kukata umeme inayofikiwa na mwalimu, na ile kebo ndefu iliyokuwa ikitambaa sakafuni ikaondolewa siku hiyo hiyo. Tableti hukaa kwenye masanduku ya plastiki yenye vifuniko, na huchajiwa kwa zamu hata wiki ambayo hazitumiki, mara nyingi jioni.

Kitu cha kwanza ambacho watoto walikitengeneza hapo kilikuwa ubao wa zana. Gredi ya saba walilaza kila zana juu ya ubao mpana, wakafuata ukingo wake kwa penseli, kisha wakajaza umbo hilo rangi nyeusi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo. Juu ya kila kivuli pakapigwa misumari ya kutundikia. Mwisho wa kipindi mwalimu hahesabu. Anatazama, na panapoonekana kivuli kitupu anauliza: "Patasi ndogo iko wapi?" Ubao ule umefanya kazi kubwa kuliko makufuli yote ya 2016. Nao ni mchoro. Ukikaribia utaona msumeno umechorwa hadi meno yake, jino kwa jino, kwa sababu mtoto aliyepewa msumeno hakutaka kuurahisisha.

Mbuzi ya kukunia nazi

Kazi ninayoiona kuwa bora zaidi kufanyika humo ni ya gredi ya nane: mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunjwa, yenye mbao mbili zinazopishana kama mkasi na kushikwa na pini katikati. Pwani hakuna nyumba isiyokuwa nayo, na karibu hakuna anayeitazama.

Mwalimu aliwaambia kila mmoja aipime ya kwao. Vipimo vilipokuja vikatofautiana, wakabishana kwa nini. Kisha wakachora: kwa mbele, kwa ubavu, kwa juu, kwa penseli na rula, kila kipimo kimeandikwa. Fundi seremala mstaafu, ambaye watoto wanamwita Babu, alikuja kuwasaidia kukata. Mbao zilikuwa vipande vya mwembe vilivyobaki kwa watengeneza samani. Mbuzi ya kwanza ilipofunguliwa na kusimamishwa, msichana mmoja aliizunguka, akaipima kwa macho na kusema:

"Babu, hii ukikaa itakubwaga mbele."

"Haya mama, tuonyeshe."

Alikaa, akainama kama anayekuna, na kweli kibao kikanyanyuka nyuma. Pini ilikuwa imewekwa nyuma mno, na ulimi wa chuma ulitokeza mbele kuliko miguu. Mwalimu wa Sayansi Jumuishi aliitwa kutoka darasa la jirani, na somo la mizani na egemeo likafanyika pale barazani, huku watoto wakisogeza alama ya pini kwa chaki na kujaribu upya. Walisogeza tundu, wakapanua miguu, ikasimama. Wavulana wengi wa darasa lile hawakuwa wamewahi kukuna nazi. Wasichana wengi hawakuwa wamewahi kushika keekee. Siku hiyo kila upande ulikuwa na kitu ambacho upande wa pili ulikihitaji, na sikuona mwalimu akihutubia lolote kuhusu usawa.

Kisha ikaja nakshi. Walianza na bikari: duara, nukta sita kwenye ukingo wake, matao yanayokutana yakawa ua lenye petali sita. Ua hilo hilo wakalijenga kwenye Scratch, programu ya kuwafunza watoto kuandika amri za kompyuta, iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007 na isiyohitaji intaneti ikishawekwa kwenye laptopu. Amri ilikuwa fupi: chora petali, geuka nyuzi 60, rudia mara sita. Mmoja akaweka nyuzi 45 na mara nane, ua likabadilika, na ghafla kila mtu alitaka la kwake. Nyuzi 50 hazikufunga duara. Walichukua muda kugundua kwamba zidisho lazima litoe 360.

Shule haina mashine ya kuchapisha michoro mikubwa. Mwalimu aliweka ubao wa mbuzi wima juu ya meza, akawasha ile projekta ya 2016, akaisogeza mbele na nyuma hadi ua likaenea vizuri kwenye mbao. Mtoto akalifuata kwa penseli. Projekta ikazimwa, mchoro ukabaki kwenye mwembe, ukapelekwa barazani kwa patasi. Nimeona vyumba vya gharama kubwa kuliko hiki ambamo kompyuta na mbao havijawahi kukutana namna hiyo.

Ulimi wa chuma ulikatwa na fundi wa vyuma sokoni, kwa usalama. Meno yake waliyatia watoto wenyewe kwa tupa, chuma kikiwa kimebanwa kwenye jiriwa za 1985.

Sungura wa udongo

Gredi ya sita walitengeneza filamu ya vinyago vya udongo: Sungura anamdanganya Fisi kisimani. Tableti ilifungwa kwenye kishikizi kilichotengenezwa na gredi ya nane kwa vipande vya mbao, ikawa inapiga picha moja, kinyago kinasogezwa kidogo, inapiga nyingine. Picha 12 kwa sekunde. Walipopiga hesabu wakaona sekunde kumi zinadai picha 120, hadithi iliyokuwa ndefu ikafupishwa papo hapo na wao wenyewe. Mhariri mkali wa kiasi hicho sijawahi kumwona.

Mwanga uliwasumbua kuliko kitu chochote. Wingu lilipopita, picha zikawa nyeusi; likiondoka, nyeupe; filamu ikawa inapepesa. Wakafunga madirisha, wakatumia taa ya meza. Stima ikakatika. Wakarudi siku nyingine, wakakuta miguu ya Fisi imepasuka, kwa sababu udongo wetu hukauka haraka. Hapo ndipo walipojifunza kutia waya mwembamba ndani ya kinyago kabla ya kukifinyanga, na kukifunika kwa kitambaa kibichi kati ya vipindi. Nyayo za wanyama ni sauti ya vifuu viwili vya nazi vikigongwa mezani. Ilipoonyeshwa kwa wazazi, ukumbi ulikuwa darasa lenye shuka dirishani, na watu waliomba irudiwe.

Yaliyokwama

Mwaka 2024 walimu wa mkataba wa sekondari msingi waligoma nchi nzima wakidai ajira ya kudumu. Madai yao naona yalikuwa ya haki. Lakini chumba kilifungwa kwa watoto wote, wakati mwalimu wa sanaa wa madarasa ya chini alikuwa na ufunguo wake mfukoni. Alipoulizwa, alisema hakutaka aambiwe ameingilia mambo ya sekondari msingi. Mvutano wa nani anasimamia nini kati ya sehemu hizi mbili uko kwenye shule nyingi, na chumba cha pamoja ndicho mahali unapojitokeza kwanza. Baada ya hapo ratiba ya mlangoni iliandikwa majina mawili kwa kila kipindi: mwenye somo na wa akiba, mmoja kutoka kila upande.

Pesa nazo zina upande. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari msingi ni shilingi 15,042 kwa mwaka. Wa shule ya msingi ni 1,420. Huja kwa mafungu, tena huchelewa. Rangi iliyonunuliwa kwa pesa za sekondari msingi ikitumiwa na mtoto wa gredi ya tano, mkaguzi wa hesabu ana haki ya kuuliza. Sasa rafu ni mbili na daftari ni mbili. Mtoto wa gredi ya tano anaziona rafu zote mbili na anajua iliyo yake ni ipi, na hilo halijanipendeza hata kidogo.

Mahali pengine tulipokaribia kuharibikiwa ni kwenye alama. Chini ya mtaala wa umilisi, tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane zinachangia asilimia 20 ya matokeo ya kumweka mwanafunzi sekondari ya juu. Kwa mara ya kwanza tangu 1985, kazi ya mikono ina uzito usiopatikana kwa kuchagua A, B, C au D. Ni jambo jema sana. Papo hapo likaleta ugonjwa wake: wazazi walianza kutuma kazi zilizotengenezwa na mafundi. Kigoda kimoja kilifika na vanishi haijakauka. Kamati ikapitisha kwamba hakuna kazi ya tathmini inayotoka chumbani hadi itakapokamilika, na mwalimu hupiga picha ya kila hatua. Wazazi wengine walinung'unika. Lakini wale wasio na uwezo wa kumlipa fundi walinishika mkono baada ya kikao.

Ukubwa wa madarasa tuliupunguza kwa njia ambayo mtaala wenyewe uliifungua. Kwa kuwa sanaa na michezo ni somo moja, nusu ya darasa huwa chumbani na nusu uwanjani, halafu wanabadilishana wiki inayofuata. Inahitaji walimu wawili kwa wakati mmoja, na si kila wiki tunawapata.

Tathmini yangu

Chumba kilipokuwa karakana, kilikuwa na zana, mbao na nia njema ya wazazi, lakini mtihani haukukihesabu. Kilipokuwa ghala la tableti, kilikuwa na vifaa vya mamilioni, lakini aliyeshika ufunguo alikuwa na kila sababu ya kutofungua, na hakuna mstari wa ratiba uliomlazimisha. Mara hii ya tatu vifaa ni vichache na vilivyochakaa kuliko mara zote. Projekta ina doa, meza zina umri wa wazazi wa watoto, theluthi ya tableti haipo. Chumba kinafanya kazi kwa sababu ratiba inakitaja, kuvunja kitu si kesi, na alama za kazi za mikono zinafika mahali zinapohesabiwa. Ukiondoa moja kati ya hizo, naamini kitafungwa ndani ya mihula michache, hata kikiwa na mashine mpya.

Udhaifu mkubwa ulioko sasa ni mtu mmoja. Sheria hairuhusu mtu asiyesajiliwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, kufundisha, kwa hiyo Babu huja kama mgeni mwalikwa, mwalimu akiwa chumbani muda wote, na hulipwa nauli tu. Walimu wetu wa ufundi wa awali wamesomea fizikia, kompyuta au biashara. Mbao wamejifunzia kwake, mbele ya watoto. Mzee huyu akichoka, barazani patabaki zana bila mkono unaozijua.

Muhula huu mhisani amejitolea kutununulia mashine ya kuchapisha vitu vya plastiki vya pande tatu. Ni zawadi ya maana, na watoto wameshasikia habari zake. Bodi ilijadili kwa muda mrefu kisha ikamwandikia kuomba mambo mawili: asilimia fulani ya pesa hizo iende kwenye posho ya Babu kwa miaka miwili, kwa sharti kwamba awafunze walimu watatu kazi ya mbao kila Jumamosi, na mashine yenyewe isiletwe kabla mwalimu hajaandika ni darasa lipi litaitumia, kipindi gani, kutengeneza nini. Gredi ya tisa wamepeleka pendekezo lao: vipande vya plastiki vya kushikilia pini ya mbuzi, kwa sababu vile vya mbao huvimba msimu wa mvua. Michoro yake wameshaikamilisha, na vipimo vyote vimeandikwa.